Mzee Hasikii Khutba, Nasi Twasema Ni Uzee Tu



Ndugu zetu wa Nyakabuye, tuambizane ukweli. Mzee akivaa miwani twamwita msomi. Akivaa kifaa cha kusaidia kusikia twanong'ona. Tofauti iko wapi?

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya waliopita miaka 60 wana uziwi wa kuwatatiza. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena, na sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Ndiyo maana babu anasikia kwamba unasema, ila siin na thaa humchanganya. Kumpigia kelele hakumsaidii. (Wajukuu, mkabilini uso kwa uso, semeni taratibu.)

Tumekatazwa hata kuwagunia wazazi, kisha twawaacha wakae msikitini wakitazama midomo ya khatibu! Pesa za arusi twachanga wiki moja; za sikio la mama hazipatikani.

Mpelekeni kituo cha afya na mitiweli yake, huenda ni nta tu. Kama siyo, aombe kuandikiwa kwenda kwa daktari wa masikio, hata ikiwa ni Kigali. Kifaa akivue anapotawadha, maji hukiharibu. Siku za mwanzo hata mlio wa sahani utamkera. Msimruhusu akifungie sandukuni.