Kangaga Moja, Majina Mawili, Alama Sifuri

Wanachuo wenzangu, nimeshikwa sapu kwa alama mbili, na alama hizo zimeliwa na kangaga.

Picha ya swali ilikuwa ya kangaga mti la misitu ya mvua ya Usambara na Uluguru: linaota kandokando ya vijito, shina refu lenye miiba, kwa mbali unadhani mnazi mchanga. (Mti wenyewe jina tu, halina mbao wala mbegu, linazaa kwa spora.) Nikaandika Alsophila manniana. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na Cyathea manniana. Basi, sifuri.

Jamani, yote mawili ni jina lake. Hooker, Mwingereza, aliliita Cyathea manniana mwaka 1865, kwa heshima ya Gustav Mann, Mjerumani aliyekusanya mimea Afrika Magharibi. Mwaka 1970 Tryon akalihamishia Alsophila, na leo uchunguzi wa vinasaba unaziweka Alsophila na Cyathea mbalimbali.

Nilipomsimulia mjomba, mwenye fremu ya vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, alicheka sana. Yeye kibao amebadilisha mara mbili, lakini wateja wake wa mikoani bado wanapiga simu wakitaja jina la kwanza. Kwenye risiti anaandika jina jipya, chini yake "zamani fulani".

"Nikikataa la zamani, mjomba, mzigo nitamuuzia nani?"

Sisi tunashindwa nini? Ukiingia kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa ukatafuta Alsophila peke yake, vielelezo vya zamani vyenye kibandiko cha Cyathea vitakupita. Kubwa zaidi ni sheria. Mashina ya makangaga miti hukatwa na kuuzwa duniani kwa ajili ya kuoteshea okidi, ndiyo maana mkataba wa CITES unadhibiti biashara yake. Orodha yake imeandika Cyathea, na Alsophila inahesabiwa humo humo. Sasa mhitimu wetu akipangiwa ukaguzi pale bandarini, naye alikaririshwa jina moja tu, akaletewa karatasi yenye lile lingine, si ataugonga muhuri mzigo upite?

Sisemi mwalimu amenionea, mwongozo aliukuta. Naomba tu urekebishwe, upokee majina yote mawili, na urekebishwe mapema. Sapu ni mwezi ujao, na picha ile najua itarudi.