Wazazi wa Kano, Msiidharau Sayansikimu

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, nyumba nyingi za Ahero, Awasi na Katito huingia katika kazi ya kuchagua kozi za chuo kikuu. Baba anataka udaktari. Mjomba aliyeko Nairobi anapiga simu kusisitiza uhandisi. Mtoto akithubutu kusema kwamba moyo wake uko katika lishe, au malezi, au usimamizi wa nyumba na mali yake, anakemewa: "Nimeuza ng'ombe ili ukajifunze kupika?" Kauli hii imezoeleka mno kwetu, na leo nataka kuijibu waziwazi, kwa sababu naamini inatugharimu sana sisi watu wa uwanda huu wa mpunga.

Sayansikimu, yaani hiyo elimu ya lishe, malezi na usimamizi wa nyumba, ni elimu kamili, na inastahili chuo kikuu kama inavyostahili elimu ya kujenga madaraja. Imetendewa makosa mawili. Kwanza wakoloni waliidunisha, wakaifanya mafunzo ya kumwandaa mke wa karani. Baadaye vyuo vyetu wenyewe viliipandisha hadhi, lakini katika kuipandisha vikaikatakata, na vipande vikahamia mjini. Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi, maana hilo ni letu.

Kabla ya shule, elimu hii ilikuwa na nyumba yake. Miongoni mwa Wajaluo wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee, na mzee huyo aliitwa pim. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao juu ya Siaya kilichochapishwa mwaka 1989, walimpa pim nafasi kubwa kama mlezi na mwalimu wa jamii. Kwake mtoto alijua chakula kipi kinampa nguvu mzazi aliyetoka kujifungua, ukoo upi hauoleki, na mgeni anapokelewa vipi. Hakuna aliyemwambia pim kwamba afya ni idara moja, chakula idara nyingine, na malezi ya tatu. Nyumba ilikuwa kitu kimoja, na elimu yake ikawa moja.

Wakoloni walikuja na mpango wao. Shule ya Jeanes, iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925, iliwafunza walimu wa kuzunguka vijijini, na wake zao wakafundishwa usafi, ushonaji na utunzaji wa watoto. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ikasimamia kuanzishwa kwa chama cha Maendeleo ya Wanawake, ambacho vilabu vyake vilifundisha kushona, kuoka na kuosha watoto. Yalikuwemo mema. Lakini lengo lilikuwa kumfanya mwanamke Mwafrika aige nyumba ya Mzungu, na mafunzo hayakumuuliza alikuwa anajua nini tayari. Phoebe Asiyo, binti wa Karachuonyo, alipokuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama hicho mwaka 1958, alikuta chombo kilichoundwa na wengine. Yeye alikwenda mbali zaidi, hadi bungeni, na akawa mmoja wa watetezi wakubwa wa nafasi za wanawake katika uongozi wa nchi hii. Anayesema kwamba sayansikimu lazima imfungie mwanamke jikoni na autazame kwanza mwendo wa mama huyo.

Baada ya uhuru elimu hii ikapanda. Egerton, iliyoanzishwa Njoro mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya walowezi, ilifika wakati ikawa inatoa diploma iliyounganisha kilimo na sayansikimu, na mwaka 1987 ikawa chuo kikuu kamili. Kenyatta, iliyoanza katika kambi ya zamani ya jeshi la Uingereza kule Kahawa, ikapata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1985 na kuwa mlezi mkuu wa walimu wa somo hili. Mwaka huohuo mfumo wa 8-4-4 ulianza, na sayansikimu ikafundishwa katika shule za msingi kwa wavulana na wasichana pamoja. Wazazi walichanga fedha kwa harambee kujenga vyumba vya sayansikimu. Wengi wetu tunavikumbuka vyumba hivyo, na tunakumbuka pia jinsi vilivyogeuzwa stoo somo lilipoondolewa katika mtihani wa darasa la nane mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtaala wa umilisi ulilirudisha, kisha ukaliunganisha na kilimo ili kupunguza mzigo wa masomo. Somo lililoguswaguswa namna hii lisipopata wanafunzi chuoni, tusishangae.

Huko chuoni nako mambo yaligeuka. Idara ya sayansikimu ikazaa idara ya lishe, idara ya mitindo ya mavazi, idara ya usimamizi wa rasilimali za jamii, idara ya elimu ya watoto wadogo. Egerton sasa inazungumzia ikolojia ya binadamu, na Chuo Kikuu cha Eldoret kina idara ya sayansi ya familia na walaji. Haya yalifuata upepo wa Marekani, ambako chama cha wataalamu wa fani hii kilibadilisha jina mwaka 1994. Sipingi ubingwa. Mtaalamu wa lishe anayesimama wodini kumpangia mgonjwa wa kisukari chakula chake anahitaji biokemia nzito, na hawezi kuipata akiwa anajifunza pia kukata kitambaa. Ninacholalamikia ni kwamba katika kugawana vyumba, hakuna idara iliyochukua kazi ya kurudi kijijini na kuitazama nyumba nzima.

Tutazame nyumba moja ya hapa Ahero, katika skimu ya mpunga inayonyweshwa kwa maji ya mto Nyando tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mavuno yanakuja. Karo inadaiwa, deni la mbolea linadaiwa, na mnunuzi amesimama kando ya shamba na lori lake. Mpunga unauzwa ukiwa bado na unyevu, kwa bei anayoitaka yeye. Miezi michache baadaye, nyumba iliyovuna magunia inanunua unga kwa gorogoro. Je, hili ni tatizo la kilimo? Mkulima amelima vizuri. Ni tatizo la afya? Hakuna aliyeugua, bado. Hili ni tatizo la sayansikimu: kupanga mapato yanayokuja mara moja yatoshe matumizi ya kila siku, kukausha na kuhifadhi, kujua kiasi gani kibaki ghalani kwa hesabu ya vinywa vilivyopo, na baba na mama kukaa pamoja kuamua kabla lori halijafika. Afisa wa kilimo hafundishwi hayo. Daktari hafundishwi. Mwanauchumi hufundishwa hesabu za taifa.

Tuingie na jikoni. Mpunga unapelekwa mashineni, unakobolewa hadi mchele unang'aa, na pumba zinauzwa kwa wafugaji. Mwishoni mwa karne ya 19, kule Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakipooza miguu, na waliopewa mchele wenye ganda lake wakipona. Kutokana na kazi hiyo dunia ikaja kuijua vitamini B1, na Eijkman akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1929. Elimu hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 100, lakini mama anayepika wali mweupe mtupu kwa mtoto wa miaka miwili hapa Kano hajaambiwa na mtu kwamba mchele usiokobolewa sana una faida, wala kwamba kijiko cha omena iliyosagwa kinaubadilisha mlo huo kabisa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 26. Tumepiga hatua, lakini karibu mtoto mmoja katika kila watano bado hafikii urefu unaomfaa, katika nchi yenye vyuo vikuu kila upande.

Mboga zetu pia zina kisa chao. Kwa miaka mingi osuga, dek, apoth na mitoo ziliitwa magugu, na afisa wa kilimo alimsifu mkulima aliyezing'oa akapanda kabichi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Maseno kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, alitumia maisha yake ya utafiti kuthibitisha ubora wa mboga hizi na kuwapa wakulima mbegu safi. Leo zinauzwa katika maduka makubwa ya Kisumu. Profesa Ruth Oniang'o naye, aliyefundisha lishe Kenyatta na kushirikiana kwa miaka mingi na wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya, alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Afrika mwaka 2017. Wasomi hawa wawili walianza na sufuria ya mama wa kijijini, wakaipeleka maabara, kisha wakairudisha. Hiyo ndiyo njia ninayoitetea. Hata jiko la udongo liitwalo Upesi, ambalo akina mama wa kikundi cha Keyo karibu na Kisumu wamelifinyanga na kuliuza kwa miaka mingi, ni tunda la wataalamu kukaa na wafinyanzi. Linaokoa kuni na kupunguza moshi machoni mwa mpishi.

Wengine watasema nataka kuturudisha nyuma, kwamba dunia imeendelea. Basi tuiulize hiyo dunia. Mwanzilishi wa elimu hii Marekani, Ellen Swallow Richards, alikuwa mkemia, mwanamke wa kwanza kuhitimu katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, mwaka 1873, na aliyapima maji ya mito ya jimbo hilo kujua yapi yanafaa kunywewa. Sisi ambao Nyando hutufurikia na kuchanganya visima na vyoo tungemhitaji mtu kama huyo kila msimu wa masika. Chuo Kikuu cha Cornell nacho, mwaka 1900, kilimwajiri Martha Van Rensselaer kuandaa masomo kwa wake za wakulima wa jimbo la New York. Somo lake la kwanza lilihusu namna ya kupunguza hatua ambazo mwanamke hupiga akifanya kazi nyumbani. Wanawake wakajibu kwa barua tele, na kutokana na kazi hiyo ikakua idara, kisha chuo kizima ndani ya Cornell, ambacho tangu mwaka 1969 kinaitwa cha ikolojia ya binadamu. Chuo chenye sifa duniani kote kilianza kwa kumuuliza mke wa mkulima anachoka wapi. Ni lini chuo chetu kimemuuliza hivyo mwanamke wa Ahero anayepalilia mpunga tangu alfajiri akiwa amesimama majini?

Wanaume wenzangu, neno hili si la akina mama peke yao. Tunapoziita kazi za nyumba kazi za mke, tunamwachia mtu mmoja hesabu za watu wanane. Mvulana aliyejifunza kupanga bajeti, kupika na kumlea mtoto hajapungukiwa uanaume, na katika hoteli za Kisumu wanaume ndio wamejaa jikoni kwa mshahara. Aibu iko wapi kuyajua haya nyumbani kwake?

Najua swali linalobaki: kazi ziko wapi? Zamani Wizara ya Kilimo ilikuwa na maafisa wa sayansikimu wilayani waliotembelea vikundi vya akina mama. Tangu mwaka 2013 kilimo na sehemu kubwa ya huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti, na maafisa hao hawaonekani tena vijijini kwetu. Lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya mafunzo ya kazi za nyumbani na mahali pa kulelea watoto. Imeandikwa hivyo, katika kifungu kimoja. Katiba imeviweka pamoja vile ambavyo vyuo vikuu vimevitenganisha. Kwa hiyo kazi zipo kisheria, na kinachokosekana ni bajeti na watu wa kuidai.

Naomba basi Chuo Kikuu cha Maseno, ambacho hakiko mbali nasi na tayari kinafundisha lishe, kiwalete wanafunzi wake hapa skimu, wakae na familia kuanzia kupanda hadi kuvuna, na wapewe alama kwa kile kilichobadilika katika nyumba hizo. Naiomba Serikali ya Kaunti ya Kisumu iajiri walau afisa mmoja wa sayansikimu katika kila wadi ya Nyando. Nanyi wazazi, mwakilishi wa wadi akija kuomba kura mwaka 2027, muulizeni kituo kinachotajwa katika Jedwali la Nne kiko wapi. Na mtoto wenu akisema anataka kusomea sayansikimu, awe msichana au mvulana, msaidieni kulijaza ombi lake, mkamlipie karo kwa moyo uleule ambao mngemlipia daktari.