Kazi ya usafi Ulaya: mafunzo yapo, lakini nani anabaki na cheti?

Familia nyingi za Goma, Bukavu, Uvira ao Butembo ziko na mtoto, dada ao shemeji Ulaya anayefanya kazi ya usafi. Anaamka saa kumi ya usiku, anapanda basi la kwanza, anasafisha ofisi mbele ya wenyewe kufika, kisha anaenda hotelini ao kwenye nyumba za watu. Pesa yake ndiyo inalipa minervali ya watoto na dawa ya wazee huku kwetu.

Kwa simu tunamuuliza kama makaratasi yametoka. Mara chache tunamuuliza kazi hiyo inamupeleka wapi. Na hilo ni swali la maana, sababu katika inchi kadhaa za Ulaya usafi ni ufundi unaofundishwa, wenye mtihani na cheti. Kuna mtu anayeanza na rakleti mkononi na baada ya miaka anaongoza kikundi. Kuna mwingine anayezeeka na rakleti ileile na mshahara uleule.

Tukilinganisha Ujerumani, Ufaransa na Ubelgiji, tunaona kama bidii peke yake haitoshi kueleza tofauti hiyo. Kuna mambo mawili ya kuangalia: kama mafunzo yanapandisha mshahara, na kama yanabaki mikononi mwa mfanyakazi siku anapotoka kwa patro wake.

Ujerumani: ufundi wa miaka mitatu

Ujerumani, kusafisha majengo ni fani kama vile useremala ao umeme. Mwanafunzi anajifunza miaka mitatu, siku zingine katika kampuni, siku zingine shuleni, na kila mwezi anapata malipo. Anafundishwa aina za sakafu, dawa ipi inaharibu jiwe ao mbao, namna ya kufanya kazi kwenye kuta za magorofa bila kuanguka, na namna ya kuua vijidudu hospitalini. Mwisho kuna mtihani. Akitaka kuendelea, anaweza kusoma tena mpaka kuwa fundi mkuu, ambaye Wajerumani wanamuita Meister, na kufundisha wengine.

Mshahara nao unafuata ngazi. Mwaka wa 2025, kiwango cha chini kilichopatanwa kati ya sendika na waajiri kilikuwa euro 14.25 kwa saa kwa usafi wa kawaida wa ndani, na euro 17.65 kwa kusafisha madirisha na kuta za nje, kazi inayodai ufundi zaidi. Tofauti ni euro 3.40 kwa saa. Kwa mtu anayefanya saa 160 kwa mwezi, hiyo ni euro 544 mbele ya kodi.

Lakini mlango huo ni mwembamba. Watu wengi wa usafi wako kwenye ngazi ya chini, na wengi wanapewa saa chache tu kwa siku. Anayetoka inchi za nje ili kujifunza ufundi anaombwa kujua Kijerumani, kwa kawaida kiwango cha B1. Mtu aliyefika juzi na deni la safari hawezi kukaa darasani akingoja.

Ufaransa: daraja linalogombewa

Ufaransa, kampuni za usafi ziko na mapatano ya pamoja yanayopanga wafanyakazi kwa madaraja: wa kawaida, mwenye ujuzi, mwenye ujuzi mkubwa, kisha kiongozi wa kikundi. Kuna pia cheti cha serikali cha usafi, CAP. Na tangu sheria ya mwaka wa 2002, mtu mzima anaweza kuomba watahini wapime kazi aliyokwisha kuifanya na kumupa cheti kwa msingi wa uzoefu wake. Kwa mama aliyesafisha vyumba miaka kumi bila kukanyaga darasa, hiyo ni njia ya kweli.

Shida ni kwamba daraja lililo kwenye karatasi ya mshahara linaandikwa na mwajiri. Mtu anaweza kufanya kazi ya mwenye ujuzi na kulipwa kama aliyeanza jana.

Hilo lilionekana wazi Paris, kwenye hoteli Ibis Batignolles. Mwezi wa saba mwaka wa 2019, wafanyakazi wapatao ishirini, wengi wao wanawake kutoka Afrika walioajiriwa na kampuni ya usafi iliyopewa kazi na hoteli, waliingia mgomo. Walidumu miezi 22. Mapatano ya mwezi wa tano mwaka wa 2021 yalipunguza hesabu ya vyumba kwa saa, yaliwapa pesa ya chakula, na yaliwapandisha madaraja pamoja na mshahara. Hawakupata kuajiriwa na hoteli yenyewe. Mmoja wao, Rachel Keke, mzaliwa wa Côte d'Ivoire, alichaguliwa mbunge wa Ufaransa mwaka wa 2022.

Ujuzi wa akina mama hao ulikuwepo mbele ya mgomo. Kilichokosekana ni kuandikwa na kulipwa, na walikipata kwa kusimama pamoja.

Ubelgiji: masomo bila ngazi

Ubelgiji ndiko Wacongomani wengi wako. Tangu mwaka wa 2004, usafi wa nyumbani unafanywa sana kwa njia ya hati, titres-services. Mwenye nyumba ananunua hati, kila moja ni saa moja ya kazi, na serikali inaongeza pesa kwa kampuni inayoajiri. Mpango huo ulitoa wanawake wengi kwenye kazi ya kujificha na kuwapa mkataba, bima na likizo.

Kuna pia mifuko ya kurudishia kampuni gharama za mafunzo: kuinua uzito bila kuharibu mgongo, kupiga pasi, lugha, na kutumia dawa za usafi. Si mambo madogo. Ukichanganya javeli na dawa ya asidi ya kutoa chokaa, unatoka moshi wa sumu unaoweza kuua mtu katika choo kidogo.

Lakini kiwango cha mshahara kinapanda kidogo katika miaka michache ya kwanza, kufuatana na muda wa kazi, kisha kinasimama. Darasa halikiongezi. Basi mtu anajiuliza kwa nini apoteze siku nzima kwa somo lisilobadilisha kitu. Na katika kazi hiyo unakuta watu wenye lisansi kutoka Congo, ambao mbele ya yote wangehitaji ulinganifu wa diploma yao. Kwao, njia ya kutoka iko kwenye hiyo diploma kuliko kwenye rakleti.

Waajiri nao wako na hoja yao. Mteja anachagua bei ya chini, na baada ya mwaka ao miwili anaweza kupa kazi kampuni nyingine. Ufaransa, wafanyakazi wengi wanabaki kwenye jengo na kuhamia kwa patro mupya. Aliyelipa masomo anaona faida ikienda kwa mwingine. Ndiyo sababu mafunzo yakiachiwa kampuni peke yake, yanaishia kwenye saa chache za maelezo.

Na sisi huku?

Watu wa Beni, Butembo na Mangina wanajua jambo hili. Wakati wa Ebola, kati ya mwezi wa nane 2018 na mwezi wa sita 2020, vijana wengi walifundishwa kazi ya usafi wa hospitali: klorini ya asilimia 0.05 kwa mikono, ya asilimia 0.5 kwa sakafu na vifaa, na namna ya kuvua nguo za kujikinga bila kujigusa. Makosa yangeleta kifo, na ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 2,200. Huo ulikuwa ujuzi mkubwa. Lakini ujuzi usio na cheti kinachotambulika unaisha siku mradi unafungwa. Kijana huyo akifika Brussels leo, anahesabiwa kama mtu asiyejua kitu.

INPP, chuo cha serikali kinachotayarisha watu kwa kazi tangu mwaka wa 1964, kingeweza kupima ujuzi wa namna hiyo na kuutolea cheti. Hospitali zetu zingefaidika kwanza, kabla hata ya kufikiria Ulaya.

Kwa wale walio ng'ambo tayari, mbele ya kuingia darasani waulize mambo matatu: cheti kinaandikwa jina la nani, kinajulikana na kampuni nyingine, na mshahara utaongezeka kiasi gani? Jibu likikosekana, waulize sendika. Na sisi tunaongojea simu yao, tukubali kwamba mwaka mmoja wa kutuma kidogo wakati ndugu anasoma unaweza kutusaidia sote kuliko miaka kumi ya kumukamua.