Sinema zitokanazo na michezo ya video: Kwa nini nyingi huanguka?

Upper Marlboro ni mji mdogo katika jimbo la Maryland, Marekani. Ndani ya mipaka yake rasmi hauna hata wakazi 1,000, lakini ndio makao makuu ya kaunti ya Prince George's, inayopakana na jiji la Washington upande wa mashariki. Wakazi wengi wa kaunti hiyo ni Wamarekani weusi, na katika miongo ya karibuni imepokea pia familia nyingi zilizohama kutoka Afrika.

Mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka hapo upo mji wa Rockville, yaliko makao ya kampuni ya Bethesda Softworks, ambayo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa michezo ya video duniani. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilitoa mchezo wa Fallout 3, unaoionesha Washington na vitongoji vyake vikiwa magofu karne mbili baada ya vita vya nyuklia. Mwezi Aprili 2024 dunia hiyo ya kubuni ilifika kwenye televisheni kama tamthilia ya mfululizo iliyotolewa na Amazon, ikasifiwa na wahakiki na kuteuliwa kuwania tuzo kadhaa za Emmy.

Kwa tasnia ambayo kwa takriban miaka 30 ilikuwa gumzo la kuchekwa, hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Yanazusha maswali mawili. La kwanza ni kwa nini kazi ya kuugeuza mchezo wa video kuwa filamu imewashinda wengi kiasi hicho. La pili linawahusu Waafrika Mashariki moja kwa moja, kwa sababu ardhi yao na lugha yao zimekwisha kutumika katika biashara hiyo zaidi ya mara moja: wao wamepata nini?

Miaka 30 ya hasara

Historia hiyo ilianza vibaya. Mwaka 1993 filamu ya Super Mario Bros., iliyogharimu zaidi ya dola milioni 40, iliingiza takriban dola milioni 21 tu katika kumbi za Marekani. Mwaka 2001 filamu ya katuni ya Final Fantasy: The Spirits Within iliwaduwaza watazamaji kwa ustadi wa picha zake za kompyuta. Hata hivyo, iligharimu takriban dola milioni 137 na kuingiza milioni 85 hivi duniani kote. Studio iliyoitengeneza ilifungwa. Wahenga walikwisha kusema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Si kila filamu ya namna hiyo iliyopata hasara. Mortal Kombat ya mwaka 1995 iliingiza zaidi ya dola milioni 120, na mfululizo wa filamu sita za Resident Evil, kuanzia mwaka 2002 hadi 2016, ulikusanya zaidi ya dola bilioni moja. Lakini wahakiki hawakuziheshimu, na mara nyingi hata wapenzi wa michezo yenyewe walitoka ukumbini wakinung'unika.

Aidha, zilikuwapo filamu ambazo hazikuhitaji kupendwa. Mwongozaji wa Kijerumani Uwe Boll alitengeneza House of the Dead mwaka 2003 na Alone in the Dark mwaka 2005, zikalaaniwa karibu na kila mhakiki. Sheria za kodi za Ujerumani wakati huo ziliwawezesha wawekezaji kupunguziwa kodi kwa fedha walizotia katika filamu, hadi sheria hizo zilipobadilishwa katikati ya muongo huo. Mwenye fedha akiwa na faida hata ukumbi ukiwa mtupu, mtazamaji huwa hana mtetezi.

Mtazamaji si mchezaji

Fedha peke yake, hata hivyo, hazielezi tatizo zima. Kiini chake kimo katika tofauti ya kimaumbile kati ya sanaa hizo mbili.

Yeyote aliyelelewa Afrika Mashariki anaweza kuielewa tofauti hiyo bila kugusa kompyuta. Msimulizi wa ngano anaposema "paukwa", hadithi haiendi mbele hadi wasikilizaji wajibu "pakawa". Wao ni washirika, na pasipo sauti yao ngano imekufa. Vivyo hivyo, anayecheza bao hupata raha ambayo anayetazama pembeni haipati, kwa kuwa kosa likitokea ni lake na ushindi ukija ni wake.

Mchezo wa video umejengwa juu ya raha hiyo. Mchezaji huchagua njia, hupotea, hufa na kuanza upya, pengine kwa saa 50 au 100. Filamu ina saa mbili, na mtazamaji wake hana la kuamua. Kinachobaki baada ya kumnyang'anya mchezaji uamuzi mara nyingi ni hadithi nyepesi iliyowekwa kuunganisha mapigano tu.

Mfano bora ni Doom, filamu ya mwaka 2005 iliyotokana na mchezo maarufu wa mwaka 1993. Katika mchezo, mchezaji hupambana na mashetani kutoka Jehanamu. Watengenezaji wa filamu waliiondoa Jehanamu na kuweka majaribio ya kisayansi mahali pake. Kisha, kuwaridhisha wapenzi wa mchezo, wakapiga sehemu ya dakika kadhaa ambamo kamera inakuwa jicho la mpiga risasi, kama ilivyo kwenye mchezo. Mtazamaji akajikuta akiona kila kitu kwa macho ya mchezaji, ilhali mikono yake imefungwa. Walikuwa wameiga umbo la mchezo na kuiacha roho yake.

Lara Croft aingia Kenya

Afrika Mashariki iliionja biashara hii mwaka 2003, ilipotoka Lara Croft: Tomb Raider – The Cradle of Life, filamu ya pili iliyotokana na mchezo wa Tomb Raider. Sehemu yake ilipigwa Kenya, katika mbuga ya Amboseli na katika hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Katika hadithi, Lara Croft, aliyeigizwa na Angelina Jolie, anakisaka kisanduku cha Pandora, na msako unamfikisha katika nchi iliyo jirani na Mlima Kilimanjaro.

Filamu ilikuja wakati utalii wa Kenya ukiyumba. Novemba 2002 hoteli moja ya Kikambala, karibu na Mombasa, ilikuwa imeshambuliwa kwa bomu. Mei 2003 shirika la ndege la British Airways lilisitisha kwa muda safari zake za Kenya kwa hofu ya ugaidi. Kwa nchi iliyokuwa katika hali hiyo, kuoneshwa korongo za Hell's Gate katika kumbi za sinema duniani kote hakukuwa jambo dogo.

Lakini filamu haikufanikiwa kama ilivyotarajiwa. Ya kwanza, ya mwaka 2001, ilikuwa imeingiza takriban dola milioni 274. Hii ya pili iliambulia milioni 160 hivi, ingawa ilitengenezwa kwa karibu milioni 95. Kwa mujibu wa taarifa za wakati huo, studio ya Paramount iliunyoshea kidole mchezo wa Angel of Darkness, uliotolewa mwaka huo huo ukiwa na kasoro tele. Katika biashara inayowaunganisha watengenezaji wawili, kila mmoja huwa na wa kumlaumu.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu za mauzo haziwezi kulionesha. Filamu ilisafiri hadi bonde la ufa, mahali ambapo wanasayansi wamefukua mabaki ya binadamu wa kale, ikajipa hata jina la chimbuko la uhai, lakini siri iliyoizika katika ardhi hiyo ilikuwa ngano ya Wagiriki. Mhusika mkuu Mwafrika, Kosa, aliigizwa na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin, na kazi yake kubwa ilikuwa kumwongoza mgeni. Wenyeji walibaki walinzi wa mlango ambao hawakuwa na chumba ndani ya nyumba.

Majini bila Kijuju

Lugha ya Kiswahili nayo imepata safari ya namna hiyo. Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa Resident Evil 5, unaotokea Kijuju, eneo la kubuni barani Afrika. Maadui wake wanaitwa "majini", na baadhi ya maneno wanayoyapayuka ni ya Kiswahili. Msomaji wa Unguja au Lamu, anayejua kwamba jini ana ukoo wake, tabia zake na mganga wake, huenda akashangaa kumkuta amekuwa mgonjwa aliyeambukizwa kimelea. Hata kabla ya mchezo kutoka, picha za matangazo yake za mwaka 2007, zinazomwonesha mzungu akiwafyatulia risasi umati wa weusi, zilizua mjadala mkali kuhusu ubaguzi wa rangi.

Mwaka 2010 ilipotoka filamu ya Resident Evil: Afterlife, watengenezaji wake walichota waziwazi kutoka mchezo huo. Walimchukua jitu lenye shoka kubwa, wakachukua namna ya mapigano, na wakawachukua pia maadui wenye vinywa vinavyopasuka. Afrika hawakuichukua. Hadithi ilihamia Tokyo na Los Angeles. Kwa maneno mengine, majini walipewa viza lakini Kijuju ikanyimwa.

Maryland yenyewe ina mfano wa upande wa pili. Mchezo wa Civilization IV, uliotengenezwa na studio ya Firaxis kaskazini mwa Baltimore, ulitolewa mwaka 2005 ukifunguliwa na wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kutokana na Sala ya Bwana. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukiwa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kupata heshima hiyo. Watu wengi walikisikia Kiswahili kupitia mchezo huo. Ni fahari, bila shaka. Hata hivyo, walichokisikia ni sauti ya lugha. Hadithi za wenye lugha hawakusimuliwa.

Nini kimebadilika?

Mafanikio ya miaka ya karibuni hayakuja kwa bahati. Mwaka 2019 wapenzi wa mchezo wa Sonic walipomkataa mhusika wao jinsi alivyochorwa katika tangazo la filamu, studio iliahirisha filamu na kumchora upya. Ilipotoka Februari 2020, ilipokewa vizuri. Mwaka 2023 The Super Mario Bros. Movie, ambayo kampuni ya Nintendo ilishiriki kuitengeneza, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Mwaka huo huo tamthilia ya The Last of Us ilisifiwa sana. Mmoja wa waanzilishi wake wawili, Neil Druckmann, ndiye aliyeuandika mchezo wenyewe.

Sababu kuu zinaonekana mbili. Kwanza, wenye michezo hawauzi tena jina na kuondoka. Hukaa mezani hadi mswada ukamilike. Pili, waandishi wamejifunza kuchagua cha kubeba na cha kuacha. Tamthilia ya Fallout haikujaribu kuusimulia upya mchezo wowote. Iliwaumba wahusika wapya, ikawapeleka Los Angeles badala ya Washington, lakini ikaichunga dunia ile ile pamoja na mzaha wake mchungu. Todd Howard, mwongozaji wa michezo hiyo kule Bethesda, alikuwa miongoni mwa wazalishaji watendaji.

Wala si kwamba maradhi yamekwisha. Mwaka 2024, miezi michache tu baada ya Fallout, filamu ya Borderlands iliyogharimu zaidi ya dola milioni 100 iliingiza milioni 33 hivi.

Kalamu mkononi mwa nani?

Afrika Mashariki si mgeni wa sanaa ya kuihamisha hadithi kutoka chombo kimoja hadi kingine. Nchini Tanzania, marehemu Lufufu alijipatia umaarufu katika vibanda umiza kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kenya inaye DJ Afro, na Uganda VJ Jingo. Hao hawatafsiri neno kwa neno. Humpa shujaa wa Hong Kong jina la mtaani, humtania adui, humweleza mtazamaji kinachokuja, na ukumbi humjibu. Kwa lugha nyingine, wanamrudishia mtazamaji nafasi yake ya kusema "pakawa". Hilo ndilo ambalo studio zilishindwa kulifanya kwa muda mrefu, licha ya mamilioni yao.

Michezo nayo imeanza kutengenezwa nyumbani. Mwaka 2015 kampuni ya Black Division Games ya Nairobi ilitoa Nairobi X, mchezo ambamo jiji hilo linavamiwa na viumbe kutoka anga za juu. Mitaji ni midogo na soko la simu lina ushindani mkali, lakini safari hii wahusika, mitaa na lugha vilibuniwa na wenyewe.

Ndiyo maana somo la Rockville linapaswa kusomwa kwa makini Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Nguvu ya Bethesda ilipokutana na Amazon haikuwa picha nzuri tu, ilikuwa umiliki. Mwenye haki ya dunia aliyoibuni ndiye anayeweza kumwambia mwongozaji kwamba hili libaki na lile liondoke. Kijana wa Nairobi atakayeuza mchezo wake wote kwa hundi ya kwanza hatakuwa na kauli siku utakapogeuzwa filamu, na huenda nchi yake ikatajwa tu mwishoni, katika orodha ya mahali picha zilipopigwa.

Kwa familia za Kiafrika zilizoko Prince George's suala hili si la mbali. Watoto wao wanakua karibu na viwanda vinavyozibuni dunia hizi, na baadhi yao huenda wakaijua Afrika kwanza kupitia kioo cha mchezo kabla ya kukanyaga kwa bibi yao. Watakachokikuta kwenye kioo hicho kitategemea nani aliyeandika mkataba, pamoja na nani aliyeandika hadithi.