Ilani ya Wanaomtegemea El Shadai, Mombasa Kisiwani

Sisi tunaotoa ilani hii ni wachuuzi wa samaki, walimu, mafundi cherehani, makuli wa bandarini na wanafunzi, wakaazi wa kisiwa hiki toka Kibokoni hadi Makupa. Jengo hatuna, askofu hatuna. Kinachotukutanisha ni kumtegemea Mungu kwa jina alilojitambulisha nalo kwa Ibrahimu akiwa mzee wa miaka 99, na Sara hajamzalia: El Shadai, Mwenyezi.

Jina hili si geni mjini. Limeandikwa kwenye matatu, saluni na vibanda vya M-Pesa. Limefanywa hirizi: litaje kwa sauti kubwa upate viza, gari, mume. Hilo tunalikataa. Anayetaka hirizi na asome kitabu cha Ayubu. Katika Biblia ya Kiebrania jina Shadai limo mara 48, na 31 kati ya hizo zimo humo, kwenye mabishano ya mtu aliyefiwa na watoto wake wote na rafiki waliokuja kumfariji wakaishia kumkera. Naomi naye, aliporudi Bethlehemu mjane, alimlalamikia Shadai mbele ya wanawake wa mji. Basi kumwamini asiyeshindwa na kitu ni pamoja na kumlilia, hata kumhoji.

Mombasa tunao ushahidi wetu. Juni 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alianza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Julai akamzika mkewe, Rosine, na siku chache baadaye binti yao mchanga. Wamelala ng'ambo, upande wa Nyali. Kazi hakuiacha. Hatumsifu kwa kila alilowaandikia watu wa pwani, maana mengine yanaudhi. Tunachokishika ni kwamba maombi hayakumrudishia mke, naye hakumdai Mungu fidia. Tunamkumbuka pia yule kadhi, aliyekubali kukaa na Mkristo juu ya kitabu kimoja.

Kwa hiyo twatamka wazi. Hatutauza mafuta wala maji ya upako. Sadaka hatutaiita mbegu. Mgonjwa tutamwombea, kisha tutampeleka Hospitali Kuu ya Pwani, na dawa zake azimeze. Kijana aliyenaswa na unga hatutampigia kelele za kutoa pepo. Tutamsindikiza kliniki ya methadoni, kesho na kesho kutwa, hata akiturukia na kurudi maskani. Uwezo wa Mungu hauna mpaka, wetu unao, na mtu akifa tukiwa tunamwombea hatutasema imani yake ilipungua. Tutakwenda matangani, tutabeba maji, tutanyamaza.

Vipaza sauti hatutaviweka kwenye vichochoro vya Mji wa Kale. Jirani Mwislamu anayemwita Mwenyezi Mungu toka alfajiri si windo letu. Wapo wenzetu watakaotuita vuguvugu kwa hili. Haidhuru.

Atakaye kuungana nasi na aje Jumapili baada ya alasiri. Kadi hakuna, ada hakuna. Aje na jina la mtu mmoja anayemwombea, atwambie na siku atakayokwenda kumtazama.