Faili Moja, Wapakuaji Wengi

Kijana wa Kyela, Ipinda au Matema apendaye kutunga programu za kujiburudisha huiweka kazi yake katika hifadhi ya mtandaoni, kisha akawapa wenziwe kiungo. Jambo hili ni jema, lakini lataka hesabu.

Dropbox, kwa mfano, humruhusu mwenye akaunti ya bure upakuaji wa gigabaiti 20 kwa siku. Faili la megabaiti 200 likipakuliwa mara 100, kipimo kimekwisha. Likizidi hapo kiungo hufungwa kwa muda, na ajaye nyuma hukuta mlango umefungwa. Lau lingebanwa likawa megabaiti 40, lingetosha watu 500.

Basi twawausia watungaji: libaneni faili kabla ya kulipandisha, na wekeni nakala katika hifadhi ya pili. Nanyi wapokeaji, haifai kila mmoja wa nyumba kulipakua lile lile kwa bando lake. Apakue mmoja, wengine wachukue kwake kwa flashi, maadamu mwenyewe ameridhia. Hivyo fedha ya nyumba itasalimika, na jasho la mtungaji litawafikia wengi.