Neno la Mhariri: Insafu kwa Mwalimu

Twalitoa toleo hili kwa kumkumbuka marehemu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999, na twapenda wasomaji wetu wafahamu tangu mwanzo kwamba hatukusudii kulinyunyizia jina lake marashi zaidi, maana hayo kila mwaka humiminwa tele, na baadhi ya wayamiminao wasingalistahimili hata kwa mwezi mmoja masharti ya uongozi yaliyomo katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, yaliyomkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni na kupangisha nyumba. Tukusudialo ni insafu.

Wale maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, kila mwanafunzi aliwajua kwa majina. Lakini aghalabu husahauliwa kwamba Mwalimu aliwaona kuwa ni jeshi moja, na ya kuwa ushindi wake ulio dhahiri ulipatikana pale alipomwendea mnyonge kwa kitabu na redio. Mwaka 1973, katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, watu wakadiriwao kuwa milioni 2 walikusanyika kwa makundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomeana kijitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kuhara na maji machafu, na walipokwisha kukubaliana wakatoka wakachimba vyoo, wakafyeka majani na kufukia madimbwi. Wala wengi wao hawakuwa na masomo ghairi ya yale ya kisomo cha watu wazima, kilichotiliwa mkazo tangu mwaka 1970. Yupo atakayesema kuwa choo si utajiri. Si utajiri, naam. Lakini mkulima aliyeshikwa na homa msimu wa kupanda huwa fukara mwaka mzima.

Basi yatupasa kuuliza, bila ya kumwonea haya marehemu, ilikuwaje mtu huyo huyo, ambaye katika risala yake ya Uhuru na Maendeleo, mwaka 1968, alishikilia kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza wenyewe, akaja, katika mwaka ule ule wa Mtu ni Afya, kuridhia kuhamia vijijini kuwe ni amri, hata maofisa, kwa hima ya kuonyesha idadi, wakawatoa watu katika mashamba na mikorosho yao, na pengine nyumba zikatiwa moto nyuma yao. Ukame wa miaka ile, pamoja na bei ya mafuta iliyopanda, hatuupuuzi. Lakini ukame haukumhamisha mtu. Rai yetu ni kwamba aliuona ufukara kuwa ni aibu isiyostahili kungojewa, na kutostahimili huko, kulikomfanya mwaka 1966 ajipunguzie mshahara wake mwenyewe, ndiko kulikomkosesha subira na wananchi wake.

Baadhi ya waandishi wa toleo hili waikataa rai hiyo: mmoja awalaumu maofisa, mwingine aulaumu mpango wenyewe tangu asili yake. Hatukuwapatanisha, wala hatukuyafupisha maneno ya wazee waliohamishwa, ambao wengine wao, baada ya kueleza kwa uchungu hasara ya mikorosho yao, hawakuacha kutaja kwamba shule ya kwanza waliyoiingia watoto wao ilikuwa katika kijiji hicho hicho walichopelekwa kwa nguvu.